Uliza Ujibiwe: Katuni za Kisovieti, mashairi ya watoto na simu yako ya mkononi

Toleo lililopita tuligusa kwa ufupi katuni fupi zilizotengenezwa Umoja wa Kisovieti kutokana na mashairi na hadithi za watoto. Barua zilizorudi nyingi zimetoka kusini, mikoa ya Mtwara na Lindi, na zinauliza mambo ya kufanya kwa mikono kuliko ya kusimuliwa. Tumejibu kadiri nafasi ilivyoruhusu.

Nimesikia kuna shairi la watoto la Kirusi linalotaja Zanzibar, na kwamba lina katuni yake. Ni kweli au ni porojo za kijiweni?
*Msomaji, Mikindani*

Ni kweli. Shairi linaitwa "Aybolit", la Korney Chukovsky, lilitoka mwaka 1929. Daktari wa wanyama anapata telegramu kutoka kwa Kiboko: watoto wa wanyama wa Afrika wanaumwa, njoo upesi. Anwani yake sasa! Wanaishi Zanzibar, Kalahari, Sahara na "mlima" Fernando Po, anakotembea Kiboko kandokando ya Limpopo pana. Msomaji wa Mikindani, ambaye Zanzibar kwake si mbali kwa bahari, atacheka. Fernando Po ni kisiwa, siku hizi kinaitwa Bioko, kiko Guinea ya Ikweta upande wa Atlantiki. Limpopo inapita kusini mwa bara na kumwaga maji yake Bahari ya Hindi, Msumbiji. Chukovsky alikuwa anatafuta vina, hakuwa anachora ramani. Zanzibar, Kalahari na Sahara zinapatana kwa Kirusi, na Fernando Po inapatana na Limpopo. Mtunzi yeyote wa mashairi ya Kiswahili anaijua tamaa hiyo.

Wagonjwa wana orodha ndefu, na malaria imo. Daktari anabebwa na mbwamwitu kwenye theluji, nyangumi anamvusha bahari, tai wanamvusha milima. Akifika anatibu siku kumi bila kula wala kulala, na dawa yake kuu ni chokoleti na kipimajoto.

Katuni yake inaitwa "Limpopo", ya mwaka 1939, iliyoongozwa na Leonid Amalrik na Vladimir Polkovnikov katika studio ya Soyuzmultfilm ya Moscow, iliyoanzishwa 1936. Wawili hao mwaka 1941 walitoa "Barmaley", kutoka shairi jingine la Chukovsky, na hapo tunatoa tahadhari kwa wazazi. Humo Afrika ni mahali pa kutishia watoto: papa, sokwe, mamba, na jambazi anayekula watoto. Ni Afrika ya hadithi na bustani ya wanyama, haina mtaa wala shule. Mtoto wa miaka kumi ataweza kuizungumzia na kuicheka. Wa miaka mitano abaki na daktari.

Nina watoto wa miaka minne, sita na saba. Hawajui Kirusi na mimi sikijui. Bando ni la kubana. Nianze na ipi?
*Mama, Lindi mjini*

Anza na "Varezhka" ya mwaka 1967, ya Roman Kachanov. Ni ya vikaragosi, ina dakika kama kumi, na haina neno hata moja. Msichana anataka mbwa, mama yake hataki, na glavu yake nyekundu ya sufu inageuka kuwa mtoto wa mbwa. Waeleze kabla ya kubonyeza kwamba ile nyeupe chini ni theluji na kwamba glavu ni vazi la baridi, maana asiyejua glavu ni nini hataona ajabu yake inapoota mkia.

Ya pili iwe "Moydodyr" ya 1954, ya Ivan Ivanov-Vano, yenye rangi. Mwongozaji huyohuyo aliitengeneza kwanza mwaka 1939. Mtoto mchafu anakimbiwa na blanketi, shuka na mto, kisha karo kubwa la kunawia linamjia juu. Hadithi inaeleweka kwa macho. Yule wa miaka minne akae karibu nawe mamba anapotokea. Pakua kwa ubora wa chini kidogo, 360p inatosha kwenye simu, kwa sababu michoro hii ina mistari minene na rangi bapa.

Nafundisha darasa la tatu. Nimeambiwa kuna katuni ya nyoka anayepimwa kwa kasuku. Naweza kuitumia kwenye somo la vipimo?
*Mwalimu, Newala*

Ndiyo, Mwalimu, na inafaa kuliko picha nyingi za vitabuni. Ni "38 popugaev" ya mwaka 1976, vikaragosi, iliyoongozwa na Ivan Ufimtsev kutokana na hadithi ya Grigory Oster. Chatu anataka kujua urefu wake. Rafiki zake wanampima: anatoka tembo wawili wadogo, nyani watano, na kasuku 38 na bawa moja. Chatu anafurahi kwamba kwa kasuku yeye ni mrefu zaidi.

Simamisha picha hapohapo, kabla darasa halijacheka likaisha, uulize: nyoka amerefuka? Kisha watoto wapime ubao kwa shubiri, halafu kwa dhiraa. Dhiraa moja ni shubiri mbili, pima ni dhiraa nne, kwa hiyo ubao wa pima moja utoke shubiri nane. Hautatoka nane kwa kila mtoto, na hapo ndipo somo lilipo: mkono wa mtoto mdogo ni kasuku, wa mwalimu ni nyani. Andika majibu yote ubaoni yalivyo, usiyasahihishe, kabla ya kutoa rula ya sentimita. Katuni hii ina maneno mengi, kwa hiyo soma tafsiri kwa sauti wakati inaonyeshwa.

Kikundi chetu tunataka kutia sauti ya Kiswahili kwenye katuni hizi za mashairi. Tumejaribu moja, maneno yetu yanaisha picha ikiwa imeshapita, na ukiharakisha inasikika kama mnada wa korosho. Tunakosea wapi?
*Kikundi cha sanaa, Mtwara*

Mmetafsiri kwanza, mkapima baadaye. Kwenye katuni hizi shairi limetangulia picha. Kawaida sauti hurekodiwa mapema, mtu anahesabu kila neno limekula fremu (picha mojamoja za filamu) ngapi, ndipo wachoraji wanaanza. Filamu inapita fremu 24 kwa sekunde. Kipande cha silabi nane kikisomwa kwa sekunde mbili kimekula fremu 48, yaani sita kwa silabi. Mchoraji ameshapewa hizo sita. Ninyi mkileta silabi kumi na mbili hamna pa kuziweka.

Habari njema ni kwamba Chukovsky anafanana na sisi kuliko mnavyodhani. Mistari ya mwanzo ya "Moydodyr" inakwenda silabi nane, kisha saba, nane, kisha saba, na ile ya nane ina vina ndani yake, nusu kwa nusu. Ni mizani ya kipande cha shairi letu. Sasa angalieni mkazo, maana hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Katika mistari yote miwili, wa silabi nane na wa silabi saba, mkazo wa mwisho unaangukia silabi ya saba. Mkazo wa Kiswahili uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo kipande chetu cha mizani nane nacho kinapiga mkazo kwenye silabi ya saba. Andikeni vipande vya mizani nane kila mahali. Penye mstari wao wa silabi saba, silabi yenu ya nane itaingia kwenye pumzi kabla ya mstari unaofuata, na mpigo wa picha (mlango kufungwa, mto kuruka) utabaki mahali pake.

Usitumie hesabu hiyo kwa shairi zima bila kusikiliza. Chukovsky hubadilisha mwendo katikati, hasa kwenye "Aybolit", mbio zinapogeuka kuwa kilio. Kila mwendo ukibadilika, pima upya.

Utaratibu unaofaa ni huu. Tazameni bila kutafsiri, mkiandika saa ya kila mstari unapoanza na kuisha, kwa sekunde na nusu sekunde. Andikeni maana ya mstari kwa nathari. Kisha tungeni upya kwa mizani, mkiacha maneno ya pembeni na kushika tendo linaloonekana. Kama picha inaonyesha shuka linaruka, neno "shuka" liwe kwenye kipande hichohicho; rangi ya shuka si lazima itajwe, mtazamaji anaiona. Msomaji ajaribu huku picha inakwenda bila sauti, mara tatu, kabla ya kurekodi.

Midomo isiwatie hofu. Sehemu kubwa ya katuni hizi inasomwa na msimulizi asiyeonekana. Mhusika anapozungumza mwenyewe, jicho la mtazamaji linakamata mdomo unapofunga tu, yaani m, b na p. Mkiweka sauti mojawapo kati ya hizo pale mdomo unapofunga, mengine yatapita.

Tatizo gumu zaidi ni muziki. Ukizima Kirusi, ala nazo zinazimika, kwa sababu vyote viko kwenye mkondo mmoja wa sauti. Mna njia mbili. Mnaweza kuacha Kirusi kisikike kwa mbali chini ya Kiswahili, kama wafanyavyo wanaotafsiri filamu za vibandani. Au mnakata vipande vya muziki visivyo na maneno, mwanzo au katikati ya matukio, na kuvirudia chini ya usomaji. Ya pili inachukua muda, na ukikata katikati ya mpigo inasikika kama sahani imeruka. Kata mwanzoni mwa mpigo, na unganisha kwa kufifisha kidogo pande zote mbili.

Sauti ya mnyama mdogo mnaweza kuipata kama walivyofanya kwa "Vinni-Pukh" wa Fyodor Khitruk, mwaka 1969. Sauti ya mwigizaji Evgeny Leonov ilionekana nzito mno kwa mtoto wa dubu, ikaharakishwa kwa takriban asilimia 30. Ukifuata njia hiyo, msomaji asome taratibu: nafasi ya sekunde 10 inataka usomaji wa sekunde 13, vinginevyo maneno yatasagika. Kwenye programu ya sauti ya bure kama Audacity mnaweza kupandisha sauti bila kubadili mwendo, nusutoni (hatua ndogo za kupanda kwa sauti) nne au tano. Mkizidi saba itasikika ya kopo.

Rekodini chumbani kwenye godoro lililosimamishwa na vitenge vimetundikwa, simu ikiwa shubiri moja kutoka mdomoni na pembeni kidogo, ili pumzi ya p na f isiipige. Chini ya bati msirekodi mvua ikinyesha. Hakuna programu itakayoitoa.

Nina kibanda umiza. Nikionyesha katuni hizi, kuna weusi pande mbili na wateja wanalalamika. Na je, naruhusiwa kutoza kiingilio?
*Msomaji, Masasi*

Weusi huo ndio sahihi. Filamu hizi zilipigwa karibu na mraba, upana 4 kwa kimo 3, na televisheni yako ni 16 kwa 9. Ukivuta ijae, Vinni-Pukh anakuwa chungu. Ukikuza ijae, unakata vichwa na miguu. Weka 4:3 kwenye menyu. Kama unatumia projekta na shuka, pima upana wa mita 2 kwa kimo cha mita 1.5, ukunje shuka lililobaki. Weusi umekwisha, na mteja hana cha kulalamikia.

Kuhusu kiingilio: kuwa kwenye YouTube, hata kwenye chaneli rasmi ya Soyuzmultfilm, hakumaanishi umeruhusiwa kuonyesha kwa pesa. Haki ni za studio. Maonyesho ya hadhara nayo yana utaratibu wa Bodi ya Filamu. Uliza ofisi ya utamaduni ya wilaya kabla hujabandika tangazo.

Tuna simu moja, stendi hatuna, na tunataka kutengeneza katuni yetu kutokana na shairi. Vikaragosi vya plastisini vimeyeyuka mchana, vya udongo vimepasuka. Tufanyeje?
*Wanafunzi, Mtwara mjini*

Anzeni na sauti. Tuseme ubeti wenu unafungua hivi:

*Kiboko kalala chini, jino linamsumbua,*
*Kapiga simu mjini, tabibu kamtambua.*

Mshororo una mizani 16. Kwa mwendo wa mizani nne kwa sekunde, ni sekunde 4. Ongeza nusu sekunde ya pumzi. Piga picha 12 kwa kila sekunde, si 24. Hata studio kubwa mara nyingi hurudia kila mchoro fremu mbili, na jicho linakubali. Kwa hiyo mshororo ni picha 54, ubeti wa mishororo minne ni picha 216, na beti nne ni 864. Mkipata picha moja kwa dakika, ni saa 14 na dakika 24 za kupiga. Punguzeni kwa akili: kiboko akilala, apigwe picha mbili zirudiwe kwa zamu, asogezwe tu jicho. Kope kufunga ni picha mbili, zisizidi.

Andika kwenye karatasi namba ya picha kwa kila silabi: "Ki" picha 1 hadi 3, "bo" 4 hadi 6, na kuendelea. Karatasi hiyo ndiyo inayoongoza mikono yenu. Kwa midomo, Kiswahili kinarahisisha mno kwa kuwa karibu kila silabi inaishia kwa irabu: kata midomo mitano ya karatasi ya manila, ya a, ya e na i, ya o, ya u, na uliofungwa. Ubandike kwa chembe ya nta, si gundi, ili utoke bila kung'oa rangi.

Sasa vikaragosi. Plastisini inalainika kwa joto la pwani na la taa yenyewe, kwa hiyo itumieni nje tu, kama ngozi, isibebe uzito. Udongo wa mfinyanzi unapasuka kwa sababu nje unakauka na kunywea kabla ya ndani. Unga wa ngano vikombe viwili, chumvi kikombe kimoja na maji kidogokidogo yasizidi kikombe hufanya donge zuri wakati wa kiangazi. Desemba hadi Aprili msilitumie, chumvi hunywa unyevu wa hewa na mwanasesere anaanza kutoa jasho. Kinachodumu ni kichwa cha mti mwepesi kilichochongwa, na wachongaji hamkosi. Mpingo uacheni: ni mzito, kichwa kitainamisha shingo kati ya picha na picha.

Mifupa iwe ya waya wa aluminiamu, nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja.  Shaba ya nyaya za umeme inakunjika vizuri siku ya kwanza, kisha inakatika kwenye kiwiko. Aluminiamu nayo itakatika mwishowe, kwa hiyo msiugandishe mkono kwenye kiwiliwili. Uchomekeni kwenye tundu la kalamu ya plastiki ili ubadilishwe bila kubomoa mwili. Miguu ishikwe kwa pini kupitia ubao laini wa dari.

Simu ifungwe kwa mpira kwenye tofali, na tofali lisiguswe tena. Kwenye programu ya kupiga picha mojamoja, Stop Motion Studio ni mojawapo, fungia mwanga, fokasi na rangi. Usipofungia, simu inajirekebisha kila picha na katuni yako inapepesa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Simu nyingi zinakubali kupiga kwa kitufe cha sauti cha hedifoni za waya. Tumieni hicho, kidole kisiguse kioo.

Pigeni usiku, madirisha yamezibwa. Mchana wingu likipita linabaki kwenye filamu. Taa ya umeme inayopanda na kushuka nayo inaonekana, basi tumieni taa mbili za kuchaji zilizojaa, na mmalize tukio kabla hazijafifia. Feni izimwe, maana upepo wake unatosha kusogeza karatasi. Anayesogeza kikaragosi avae nguo nyeusi: shati jeupe linarudisha mwanga kwenye jukwaa, na kila akiinama rangi inabadilika.

Ukungu wa kwenye ile katuni ya kalunguyeye ulitengenezwaje? Tunaweza kuuiga?
*Msomaji, Kilwa Masoko*

Ni "Yozhik v tumane" ya Yuri Norstein, mwaka 1975, hadithi ya Sergey Kozlov, dakika kumi na nusu. Wahusika, waliochorwa na Francheska Yarbusova, ni vipande vilivyokatwa na kulazwa juu ya vioo vilivyopangwa ghorofaghorofa chini ya kamera. Kwa ukungu waliweka karatasi nyembamba sana juu ya tukio, wakaiinua kidogokidogo kuelekea kamera, fremu moja baada ya nyingine, hadi kilicho chini yake kikapotea kwenye weupe.

Mnaweza. Chukua kioo cha dirisha kisicho na mikwaruzo, kilaze juu ya matofali manne, simu ikitazama chini kutoka juu. Mhusika wa karatasi alale chini ya kioo, na juu ya kioo tandaza karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, ile ya kunakilia ramani, iliyogundishwa kwenye fremu ya vijiti. Inue milimita mbili kwa kila picha. Sekunde nne ni picha 48, yaani karibu sentimita 10. Pima kwa rula iliyosimamishwa pembeni, kwa sababu macho yatakudanganya ifikapo picha ya ishirini. Karatasi ikipinda katikati utaona doa jeusi likitembea, basi ivute kwenye fremu ingali na unyevu kidogo, ikikauka itakaza. Taa ziwe mbili, kushoto na kulia, kila moja ikipiga kwa mshazari wa nyuzi 45. Ukiona mng'ao kwenye kioo, shusha taa, simu usiiguse.